Nani aliteua maofisa wa Goryeo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utawala wa kijeshi Korea, 1170–1270

Kwa miaka 100 majenerali waliitawala Korea huku mfalme akiendelea kukaa kwenye kiti chake na wizara zikifungua milango kila siku. Walichokishika ni uteuzi: nani apate cheo, nani apande, nani aachwe. Maswali yafuatayo yanaanza na ya msingi na kuishia kwenye yale yanayowatatiza hata wasomaji wazoefu. Jambo likishaelezwa mahali pamoja, kwingine tumetaja namba ya swali tu.

## Mambo ya msingi

1. Goryeo ni nchi gani, na utawala wa kijeshi ulikuwa lini?

Goryeo ni dola iliyotawala Korea kuanzia 918 hadi 1392. Mji mkuu wake ulikuwa Gaegyeong, ambao leo ni Kaesong, Korea Kaskazini. Utawala wa kijeshi ulianza na mapinduzi ya 1170 na kukoma mwaka 1270. Ndani ya miaka hiyo 100, ukoo wa Choe pekee ulitawala miaka 62: Choe Chung-heon (1196–1219), mwanawe Choe U (1219–1249), kisha Choe Hang (1249–1257) na Choe Ui (1257–1258).

2. Je, hii ndiyo Korea ya kwenye tamthilia, yenye maofisa wa kofia nyeusi pana?

Mara nyingi hapana. Tamthilia nyingi za kihistoria zinaonyesha Joseon, dola iliyokuja baada ya Goryeo, kuanzia 1392. Tofauti hii ina uzito katika mada yetu, kwa sababu kanuni za uteuzi hazikuwa zile zile. Mfano mmoja uko kwenye swali la 13.

3. Mbona majina yanaandikwa kwa namna nyingi?

Kwa sababu mfumo wa kuyaandika kwa herufi za Kilatini umebadilika. Goryeo na Koryo ni kitu kimoja. Choe, Ch'oe na Choi ni ukoo mmoja, na hutamkwa karibu na "Chwe". Tena Choe U alijibadilisha jina uzeeni akawa Choe I, kwa hiyo ukiwakuta wote wawili kwenye kitabu kimoja usidhani ni baba na mwana.

4. Kwa nini uteuzi ulikuwa na uzito kuliko hazina au hata jeshi?

Kwa sababu cheo ndicho kilicholeta vingine vyote. Maofisa walipangwa katika ngazi 9, kila moja ikiwa na daraja la juu na la chini, jumla madaraja 18. Daraja lako ndilo lililoamua mshahara wako wa nafaka na, kwa sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka 1076, ukubwa wa ardhi uliyogawiwa mapato yake. Ukifika ngazi ya 5, mwanao aliweza kuingia serikalini kwa heshima ya jina lako bila kufanya mtihani. Njia hiyo iliitwa eumseo. Anayeamua nani afike ngazi ya 5 alikuwa anaamua pia watoto wa nani watakuwa maofisa miaka 20 ijayo.

5. Kabla ya majenerali, mtu aliteuliwa kwa hatua zipi?

Hatua zilikuwa hizi. Kwanza, Wizara ya Utumishi (Ibu) ilitunza majalada ya maofisa wa kiraia na Wizara ya Vita (Byeongbu) ya maofisa wa kijeshi. Jalada liliitwa jeongan. Ndani yake mliandikwa miaka na miezi ya utumishi, uzito wa kazi alizofanya mtu, sifa zake, makosa yake na uwezo wake. Pili, kwa kutumia majalada hayo, baraza la juu lilipendekeza nani apande na nani ashuke, na mapendekezo yakapelekwa kwa mfalme. Tatu, mfalme akiridhia, amri ilirudi chini ili itekelezwe. Nne, wakaguzi wa serikali walipitia jina la mteule na kutia saini au kukataa. Hatua hiyo iliitwa seogyeong.

Uteuzi mkuu ulifanyika mwezi wa 12 wa kalenda yao, na wa kujazia nafasi za muda mwezi wa 6. Kumbuka hasa jalada na mapendekezo, maana majenerali walivamia hapo. Hatua ya tatu na ya nne waliziacha zionekane vile vile.

6. Wanajeshi walikuwa na malalamiko gani?

La kwanza lilikuwa ngazi yenyewe. Cheo cha juu kabisa cha kijeshi, sangjanggun, kilikuwa cha ngazi ya 3. Ngazi ya 2 na ya 1, ambako maamuzi ya nchi yalifanyika, zilikuwa za waliosoma tu. Hata jeshi lilipokwenda vitani, mara nyingi aliyeliongoza alikuwa msomi.

La pili lilikuwa dharau ya ana kwa ana. Kim Don-jung, mtoto wa waziri Kim Bu-sik, aliwahi kumchoma ndevu jenerali Jeong Jung-bu kwa mshumaa. Mwaka 1170, wanajeshi walipokuwa wakishindana kupigana kwa mikono mbele ya Mfalme Uijong, Yi So-eung, mwenye cheo cha daejanggun kinachofuata sangjanggun, aliishiwa nguvu akarudi nyuma, na msomi kijana aitwaye Han Roe akampiga kofi mbele ya watu wote. Jioni ile ile, mahali paitwapo Bohyeonwon, wanajeshi walianza kuwaua wasomi. Mfalme aliondolewa, ndugu yake Myeongjong akawekwa mahali pake.

## Miaka 26 ya kwanza: 1170–1196

7. Majenerali wa mwanzo waliteua kupitia chombo gani?

Kupitia Jungbang, baraza la makamanda lililokuwepo tangu zamani. Goryeo ilikuwa na majeshi 2 na vikosi 6 vya ulinzi, kila kimoja na sangjanggun na daejanggun wake. Hivyo wajumbe walikuwa 16. Kabla ya 1170 baraza hili lilishughulikia mambo ya kijeshi tu. Baadaye likawa mahali ambapo nyadhifa zote ziligawanywa, na Jeong Jung-bu mwenyewe akapanda hadi kuwa waziri mkuu, cheo ambacho kwa kanuni za zamani mwanajeshi asingekigusa.

8. Ni kweli wanajeshi walipewa hata utawala wa mikoa?

Ndiyo. Mwaka 1173 Kim Bo-dang aliasi akitaka kumrudisha Uijong. Baada ya kushindwa kwake ilitoka amri kwamba kuanzia miji mikuu 3, makao 4 ya ulinzi na mikoa 8 mikubwa, hadi wilaya na vituo vya barabarani, kazi zote zipewe wanajeshi. Hili ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana kwenye vitabu vingi. Mkuu wa wilaya alihesabu kodi, alisikiliza kesi na aliandika taarifa. Na wengi wa hawa wapya hawakuwa wamewahi kushika kalamu kwa kazi ya namna hiyo.

9. Kulikuwa na wasomi waliobaki?

Walikuwepo. Mun Geuk-gyeom ndiye mfano unaotajwa zaidi: aliwahi kumkosoa Uijong waziwazi, kwa hiyo wanajeshi walimwacha hai, na binti yake akaolewa na ndugu wa jenerali Yi Ui-bang. Alishika vyeo vya kiraia pamoja na cha kijeshi. Kwa upande wa pili, jenerali Choe Se-bo aliwekwa miongoni mwa wasimamizi wa uandishi wa historia ya taifa, kazi iliyokuwa ya wasomi wakubwa. Majenerali walijali habari za kifo cha Uijong, mfalme waliyemwondoa, ziandikweje.

10. Kwa nini utaratibu wa Jungbang haukudumu?

Kwa sababu watu 16 wenye silaha hawawezi kugawana orodha moja ya vyeo kwa muda mrefu. Kila mmoja alikuwa na wafuasi wanaosubiri. Jenerali Yi Go aliuawa 1171, Yi Ui-bang 1174, Jeong Jung-bu 1179. Gyeong Dae-seung, aliyemuua Jeong, aliishi kwa hofu hadi akajiundia walinzi wake binafsi, akafa kwa ugonjwa 1183. Yi Ui-min aliyemfuata aliuawa 1196. Nyadhifa ziliongezwa ili kila upande uridhike, na mishahara ikawa haitoshi. Choe Chung-heon aliposhika madaraka alimpelekea mfalme hoja 10 za marekebisho, na mojawapo ilikuwa hii: maofisa wamezidi idadi iliyowekwa, warudishwe kwenye idadi ya zamani.

## Ukoo wa Choe: uteuzi unahamia nyumbani

11. Choe Chung-heon alishikaje uteuzi?

Kwa hatua mbili, na inafaa kuzitofautisha.

Mwaka 1199 alijipatia uongozi wa Wizara ya Vita pamoja na mamlaka juu ya Wizara ya Utumishi. Majalada ya wanajeshi na ya raia yakawa chini ya mtu mmoja. Kufikia hapo bado alikuwa ndani ya mfumo, akienda ofisini kati ya wizara hizo mbili akizungukwa na walinzi.

Mwaka 1202 akaacha kwenda. Alikaa nyumbani kwake na ofisa mmoja wa Wizara ya Utumishi aitwaye No Gwan, wakapanga majina ya kiraia na ya kijeshi, kisha orodha ikapelekwa kwa mfalme. Kumbukumbu zinasema mfalme alitikisa kichwa kukubali, na wakuu wa wizara zote mbili wakakaa ofisini kupitia majina ambayo tayari yalikwisha kuamuliwa. Ninaona hapa ndipo mahali pa kusimama kidogo. Hakuna wizara iliyofutwa wala sheria iliyobadilishwa. Meza ya kazi ilihamishwa tu.

12. Mfalme angeweza kukataa orodha?

Kisheria, ndiyo. Kwa vitendo, Choe Chung-heon aliwaondoa wafalme 2 na kuwaweka 4, na kila aliyekaa kwenye kiti alilijua hilo.

Jaribio moja linafaa kuelezwa. Mwaka 1211 Choe alikwenda Kasri la Suchang kwa ajili ya shughuli ya uteuzi. Mfalme Huijong akaingia ndani. Wahudumu wakawaambia wafuasi wa Choe kwamba wamepewa pombe na chakula, wakawapeleka pembeni. Mara watu zaidi ya 10, wengine wakiwa watawa, wakatokea na silaha. Choe akamwomba mfalme amwokoe. Mfalme akanyamaza, akafunga mlango. Choe akajibanza kati ya viambaza vya karatasi katika chumba cha makatibu wa mfalme, na mtawa mmoja akamtafuta mara 3 bila kumpata. Watu wake walipofika na kumtoa, Huijong akaondolewa madarakani. Ni vigumu kusoma habari hiyo halafu ukashangaa kwa nini mwanawe aliwafanya maofisa waje kwake badala ya yeye kwenda kasri.

13. Wakaguzi walikuwa wapi wakati wote huo?

Walikuwa kazini. Goryeo ilitaka saini yao kwa wateule wa ngazi zote, 1 hadi 9, tofauti na Joseon ambako saini hiyo ilibaki kwa ngazi ya 5 kushuka chini. Kwenye karatasi Goryeo ilikuwa kali zaidi. Tatizo ni kwamba mkaguzi naye ni mteule: jina lake lilitoka kwenye orodha ile ile. Kinga inayomtegemea anayepaswa kuzuiwa haizuii kitu.

14. Jeongbang ni nini hasa?

Ni ofisi ya uteuzi iliyoanzishwa na Choe U nyumbani kwake mwaka 1225. Jina lake lina maana ya chumba cha uteuzi. Mwaka huo maofisa walikwenda nyumbani kwa Choe U kumkabidhi majalada ya utumishi, naye akayapokea akiwa ameketi ukumbini. Maofisa wa ngazi ya 6 kushuka chini waliinama mara mbili chini ya ukumbi, wakalala kifudifudi, wasithubutu kuinua macho.

Baba yake alikuwa amekwisha kufanya kazi hii nyumbani (swali la 11). Alichoongeza Choe U ni ofisi yenye watumishi wake, vyeo vyake vya ndani na majalada yaliyobaki pale pale. Ukitaka kujua daraja lako, masjala ilikuwa nyumbani kwa mtu.

15. Orodha ilipita wapi, kuanzia jalada hadi muhuri?

Majalada yaliingia jeongbang. Majina yakapimwa na kupangwa mbele ya Choe U. Orodha safi, iliyoitwa bimok, ikaandikwa. Katibu wa mfalme aliyekuwa mtu wa Choe akaichukua hadi kasri. Mfalme akaishusha kama amri yake. Historia rasmi ya Goryeo inasema mfalme aliishusha tu. Wizara zikatekeleza.

Mahali penye ujanja ni kwa huyo katibu. Aliyechukua orodha kutoka nyumbani kwa jenerali na aliyeisoma mbele ya mfalme alikuwa mtu mmoja, kwa hiyo hapakuwa na mlango katikati ambapo orodha ingeweza kukwama.

16. Nani walifanya kazi jeongbang?

Wasomi. Mwanazuoni Yi Je-hyeon wa karne ya 14 ameeleza vyeo vyao: katibu wa mfalme aliyeshughulikia kazi hiyo aliitwa jeongsaek seungseon, wa ngazi ya 3, jeongsaek sangseo, wa ngazi ya 4 kushuka chini, jeongsaek sogyeong, na walioshika kalamu chini yao, jeongsaek seoje. Waandishi waliitwa pia kwa neno la Kimongolia, bichikchi. Mwaka 1227 Choe U aliongeza seobang, ambako wasomi mashuhuri waliomfuata waligawanywa zamu 3 na kulala hapo kwa kupokezana.

17. Na Gyojeong Dogam? Si ndiyo iliyoteua?

Watu wengi huchanganya hapa. Gyojeong Dogam iliundwa 1209 kuchunguza njama ya kumuua Choe Chung-heon, ikabaki kuwa ofisi kuu ya amri, upelelezi na utozaji. Orodha za vyeo zilikuwa kazi ya jeongbang. Zilikutana wakati fulani, kwa mfano Choe U alipotumia waraka wa Gyojeong Dogam kuziagiza ofisi 6 za kasri zipendekeze watu waliofaulu mtihani lakini hawajapangiwa kazi.

## Kwa upande wa mtafuta kazi

18. Je, mtihani wa serikali ulikufa?

Haukufa. Ulianza 958 na uliendelea kufanyika chini ya majenerali, maana ofisi inayoendeshwa kwa majalada na nyaraka haiwezi kukosa watu wa kalamu. Kilichobadilika ni thamani ya kufaulu. Cheti kilikuingiza kwenye foleni tu.

Mshairi Yi Gyu-bo alifaulu mwaka 1190. Kazi ya kwanza aliipata 1199. Miaka 9 aliandika barua za maombi kwa wakubwa bila mafanikio, hadi mwaka huo alipoalikwa nyumbani kwa Choe Chung-heon pamoja na washairi wengine kutunga mashairi kuhusu maua ya mkomamanga yaliyokuwa yamechanua. Muda mfupi baadaye akapangiwa Jeonju. Akafukuzwa 1200, na mwaka 1207 andiko lake kuhusu banda la nyasi la Choe likamrudisha kwenye ofisi ya waandishi wa kasri. Alimaliza utumishi akiwa miongoni mwa mawaziri.

19. Choe U alitumia vigezo gani?

Aliwapanga maofisa katika makundi 4. Juu kabisa ni anayejua kuandika na pia kazi ya utawala. Wa pili anajua kuandika lakini si utawala. Wa tatu anajua utawala lakini si kuandika. Wa mwisho hajui chochote kati ya viwili hivyo. Ni vigezo vya busara, na hilo lisifichwe kwa sababu ya namna alivyopata madaraka. Ila ujitahidi kuona kisichotajwa ndani yake: miaka ya utumishi, ambayo jalada la zamani lilianza nayo (swali la 5). Anayehesabu miaka hana nafasi ya kumpendelea mtu. Anayepima kipaji anayo.

## Mambo yasiyo ya kawaida

20. Mtumwa angeweza kupewa cheo?

Kanuni ya zamani ilikataza: mtumwa, hata akifanya jambo kubwa, alizawadiwa fedha au nguo, si cheo. Choe Hang aliivunja ili kujivutia watu. Aliwapa watumishi wa nyumbani kwake Yi Gong-ju, Choe Yang-baek na Kim In-jun cheo cha byeoljang, ambacho ni ngazi ya 7. Mwaka 1258 Kim In-jun, aliyejulikana baadaye kama Kim Jun, akishirikiana na Yu Gyeong wa jeongbang, alimuua Choe Ui na kuumaliza utawala wa ukoo huo. Ofisa wa uteuzi na mtu aliyepandishwa na uteuzi walikuwa upande mmoja.

21. Kwa nini hawakujitawaza wenyewe au kuanzisha serikali yao kando, kama Japani?

Japani ya wakati huo, majenerali wa Kamakura walikuwa na makao yao mbali na mfalme. Ukoo wa Choe ulikaa mji ule ule wa mfalme, na serikali kuu ilipohamia Kisiwa cha Ganghwa mwaka 1232 kwa sababu ya Wamongolia, walihama pamoja. Kwa maoni yetu, utaratibu wa uteuzi wenyewe unaeleza sehemu ya jibu. Cheo kilikuwa na thamani kwa sababu kilitoka kwa mfalme. Orodha ya jeongbang bila muhuri wake ingekuwa barua ya mtu binafsi.

22. Jeongbang ilikwisha na majenerali?

Hapana. Mwaka 1258 Yu Gyeong aliihamishia kasri, kando ya ukumbi wa mfalme. Kim Jun aliuawa 1268, na utawala wa kijeshi ukakoma 1270 serikali iliporudi Gaegyeong, lakini ofisi ilibaki. Wafalme waliifuta na kuirudisha zaidi ya mara moja: Chungseon aliifuta 1298, Chungmok 1344, Gongmin 1356.

Iliendelea kurudi kwa sababu ilimfaa yeyote aliyekuwa karibu na mfalme. Zama za Mfalme Chungsuk, orodha iliposhuka, wakubwa waligombania kufuta jina hili na kuandika lile, hadi wino mwekundu na mweusi ukachanganyika na karatasi isisomeke. Watu wakauita uteuzi huo "wa daftari jeusi", kwa mfano wa karatasi nene zilizotiwa weusi ambazo watoto walijifunzia kuandika, wakifuta na kuandika tena juu yake. Ofisi ilibadilishwa kuwa Sangseosa mwaka 1388, miaka 4 kabla ya Goryeo yenyewe kuanguka.